Moyo wa mwenye kisukari: kwa nini jirani alitiwa stenti na mzee wetu anaambiwa operesheni

Mazungumzo haya yanasikika sana katika nyumba zetu, kuanzia Maskati na Sohar mpaka Dubai na Doha. Mzee amelazwa kwa sababu ya kifua, amefanyiwa kastara, na daktari ametoka na jibu: mishipa mitatu ya moyo imeziba, na kwa kuwa mzee ana kisukari, rai yake ni operesheni ya kufungua kifua. Hapo hapo familia inagawika. Mmoja anasema yupo mtu mtaani alikuwa na tatizo hilo hilo, akatiwa stenti Jumatatu, na Ijumaa akaonekana msikitini. Mwengine anapiga simu Unguja kuwauliza wakubwa. Mwengine keshaanza kutafuta hospitali nje ya nchi. Na mzee, ambaye ndiye mwenye moyo, mara nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa.

Swali la familia ni la haki. Ikiwa mishipa ni ile ile na kuziba ni kule kule, kwa nini mmoja atobolewe tundu dogo kifundoni mwa mkono na mwengine apasuliwe kifua? Jawabu lake kwa sehemu kubwa ni neno moja lililopitiwa haraka katika maelezo ya daktari: kisukari. Mwenye kisukari aliyeziba mishipa na asiye na kisukari aliyeziba mishipa si wagonjwa wa aina moja, hata picha zao zikifanana. Anayelifahamu hili atamwelewa daktari, na atajua pia ni wapi pa kumuuliza zaidi.

Sukari inaufanyaje mshipa

Moyo unapiga mchana na usiku bila mapumziko, na nyama yake inalishwa na mishipa midogo inayouzunguka, inayoitwa koronari. Ni myembamba, upana wake milimita tatu hivi kwa watu wengi, na kwa wanawake hupungua zaidi. Kwa ndani ina utando laini ambao una kazi mbili kubwa: kuufanya mshipa utanuke pale moyo unapohitaji damu zaidi, na kuizuia damu isigande ndani yake.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, utando huu unadhurika. Unashindwa kutanuka vizuri, na mafuta ya damuni, yaani kolesteroli, yanapata njia ya kupenya na kujikusanya ndani ya ukuta wa mshipa. Wakati huo huo kisukari kinaibadilisha damu yenyewe. Chembe sahani, zile zinazofanya damu igande tunapojikata na kisu, zinakuwa nyepesi kunasana. Chembe za kolesteroli zinakuwa ndogo na nzito, na hizo ndizo zinazopenya zaidi. Ukiongeza presha na kitambi, ambavyo mara nyingi huja pamoja na sukari, mshipa unashambuliwa kila upande.

Namna ya kuziba nayo inakuwa tofauti, na hapa ndipo ulipo mzizi wa jambo lote. Aliyewahi kwenda Nizwa akatembea kando ya Falaji Daris ataelewa haraka. Falaji likiangukiwa na jiwe moja kubwa, maji yanapungua chini yake, lakini ukiliondoa jiwe yanarudi kama kawaida. Hiyo ndiyo hali ya wagonjwa wengi wasio na kisukari: pamebana mahali pamoja au pawili, na kwengine mshipa ni mzuri. Sasa chukua falaji ambalo tope limetuama kutoka juu mpaka chini, hapa shubiri, pale nusu shubiri. Ukizibua mahali pamoja, maji yanapita hapo, lakini hatua kumi mbele pamebana tena, na mwakani patabana pengine ulipopaacha leo. Mshipa wa mwenye kisukari wa miaka mingi mara nyingi ndivyo ulivyo. Maradhi yameenea urefu mzima wa mshipa na mara nyingi yamegusa mishipa yote mitatu mikubwa.

Moyo unaoumwa kimya kimya

Kabla ya kufika kwenye stenti na operesheni kuna jambo la hatari zaidi, kwa sababu linawafanya watu wetu wachelewe kufika hospitali. Kisukari cha muda mrefu kinaharibu neva. Wengi wanajua habari ya miguu kufa ganzi, mtu akakanyaga msumari asijue. Neva zinazoleta khabari za maumivu kutoka moyoni nazo zinaweza kudhoofika vivyo hivyo. Matokeo yake ni kwamba mwenye kisukari anaweza kupatwa na shambulio la moyo bila yale maumivu makali ya kifua tunayoyaona katika filamu. Wengine wanagunduliwa miaka baadaye, kwa kipimo cha umeme wa moyo, kwamba kuna sehemu ya moyo imekufa, na wenyewe hawakumbuki siku hata moja waliyoumwa.

Kinachokuja badala ya maumivu ni vitu ambavyo kila nyumba ina dawa yake. Pumzi inakuwa fupi wakati wa kupanda ngazi. Jasho baridi linatoka bila sababu. Kichefuchefu, au kiungulia kisichoondoka. Uchovu wa ghafla, mtu hawezi hata kumaliza kutandika kitanda. Bibi anaambiwa ni gesi, anapewa maji ya tangawizi, anaambiwa alale kidogo. Ikiwa bibi huyo ana kisukari na hali hiyo imemjia ghafla na haikumwacha ndani ya dakika chache, si wakati wa tangawizi. Katika Oman piga 9999, katika Imarati 998, na usimtie kwenye gari lako ukaingia kwenye foleni ya magari. Gari la wagonjwa lina mashine ya kuushtua moyo ukisimama. Gari lako halina.

Nimemtaja bibi kwa makusudi. Kwa kawaida mwanamke huchelewa kupatwa na maradhi ya mishipa ya moyo kuliko mwanamme, lakini kisukari kinaipunguza sana kinga hiyo. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikuta kwamba ongezeko la hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo linaloletwa na kisukari ni kubwa zaidi kwa wanawake, kwa takriban asilimia 44 ukilinganisha na wanaume. Na akina mama zetu ndio wanaowapeleka wengine wote hospitali, wao wakabaki nyuma.

Hesabu zinasema nini

Mwaka 1998 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ambayo madaktari wanayataja mpaka leo. Waliwafuata watu kwa miaka saba. Kati ya wasio na kisukari na ambao hawakuwahi kupata shambulio la moyo, waliopatwa nalo walikuwa chini ya wanne katika kila mia. Kati ya wasio na kisukari lakini ambao walishawahi kupata shambulio, walikuwa karibu 19 katika mia. Kati ya wenye kisukari ambao moyo wao haukuwahi kuguswa, walikuwa 20 katika mia. Kwa maneno mengine, katika watu wale kuwa na kisukari peke yake kulibeba hatari sawa na kuwa umeshapigwa na moyo mara moja. Na waliokuwa na vyote viwili, kisukari na shambulio la zamani? 45 katika mia.

Tafiti zilizokuja baadaye zimelipunguza kidogo neno hili. Si kila mwenye kisukari yumo katika hatari kubwa namna hiyo. Aliyegunduliwa juzi, ambaye figo ni nzima na havuti sigara, yuko mbali na yule aliyekaa na sukari miaka 15 na mkojo wake unatoka protini. Dawa za leo pia ni bora kuliko za wakati ule. Lakini mwelekeo haukubadilika.

Na huku kwetu? Uchunguzi wa afya uliofanywa Oman mwaka 2017 ulikuta karibu asilimia 16 ya watu wazima wana kisukari. Utafiti mwengine ulioitwa Gulf RACE-2, uliofanywa 2008 na 2009, ulikusanya zaidi ya wagonjwa 7,900 waliolazwa kwa shambulio la moyo au dalili zake katika hospitali za nchi sita: Bahrain, Saudi Arabia, Qatar, Oman, Imarati na Yemen. Karibu wanne katika kila kumi walikuwa na kisukari. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 56 hivi, yaani karibu miaka kumi mapema kuliko wagonjwa wa namna hiyo katika nchi za Ulaya. Mtu wa miaka 56 ana watoto skuli, ana mkopo wa nyumba, na pengine ana wazee Pemba au Unguja wanaomtegemea kila mwezi.

Stenti au operesheni

Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma. Daktari anapitisha mpira mwembamba kutokea mkononi au kwenye kinena mpaka moyoni, anapulizia kibofu kidogo pale palipobana, kisha anaiacha stenti hapo iushikilie mshipa usirudi kubana. Stenti za kisasa zimepakwa dawa inayozuia kovu lisikue ndani yake. Mgonjwa anaweza kurudi nyumbani kesho yake. Kwa mwenye jiwe moja kwenye falaji, hii ni neema kubwa.

Operesheni ya baipasi ni jambo jengine. Daktari wa upasuaji haligusi tope. Anachukua mshipa mzima kutoka mahali pengine mwilini, aghalabu mmoja wa nyuma ya mfupa wa kifua na mingine ya mguuni au ya mkono, na kuuunganisha chini ya palipoziba. Ni kama kuchimba falaji jipya linalomwaga maji moja kwa moja shambani, likaliacha la zamani na tope lake. Faida yake kwa mwenye kisukari iko hapo: njia mpya inapita mbali na pale palipobana leo, na pia na sehemu yote ya juu ambayo ingebana mwakani au mwaka wa tatu. Stenti inatibu mahali; baipasi inaukinga urefu. Mshipa ule wa kifuani una sifa ya ajabu ya kutoziba kwa urahisi. Baada ya miaka kumi, katika wagonjwa zaidi ya 90 kwa mia bado unapitisha damu. Ile ya mguuni haina umri huo, na karibu nusu yake huwa imeziba au imeharibika kufikia muda huo.

Habari hii ilianza kujulikana 1995. Utafiti mmoja wa Marekani ulioitwa BARI ulikuwa unalinganisha baipasi na kuzibua kwa kibofu, wakati huo stenti hazijaenea. Kwa wagonjwa kwa jumla tofauti haikuwa kubwa. Lakini walipowatazama wenye kisukari waliokuwa wakitumia dawa, walikuta kwamba baada ya miaka mitano waliobaki hai ni takriban 81 katika mia kwa waliofanyiwa baipasi, na 66 tu kwa waliozibuliwa. Tofauti ilikuwa kubwa hata taasisi ya taifa ya moyo ya Marekani ikatoa onyo kwa madaktari kabla ya utafiti wenyewe kuchapishwa.

Wengi wakasema stenti zenye dawa zitaifuta tofauti hiyo. Ndipo ukaja utafiti wa FREEDOM, ulioongozwa na Valentin Fuster wa New York na wenzake, ukatoa matokeo yake mwaka 2012. Huu ulikuwa wa wenye kisukari peke yao, watu 1,900 kutoka nchi mbalimbali, wote wenye zaidi ya mshipa mmoja ulioziba. Nusu walitiwa stenti zenye dawa, nusu walifanyiwa baipasi, kwa kura. Baada ya miaka mitano waliofariki walikuwa 16 katika mia upande wa stenti na 11 upande wa baipasi. Waliopata shambulio la moyo walikuwa 14 upande wa stenti na 6 upande wa baipasi. Baadhi yao walifuatwa miaka zaidi, na baipasi ikabaki mbele.

Lakini isisomwe nusu. Katika utafiti huo huo kiharusi kilikuwa kingi zaidi upande wa baipasi: 5 katika mia, dhidi ya 2 hivi kwa wenye stenti. Na operesheni yenyewe ina gharama yake mwilini. Mfupa wa kifua unakatwa na kuunganishwa kwa waya, na unahitaji miezi miwili mpaka mitatu kupona. Mwenye kisukari yumo katika hatari zaidi ya kidonda kuingia vijidudu, hasa sukari ikiwa juu siku ya operesheni. Kwa hiyo anayesema baipasi ni bora kwa kila mwenye kisukari hasemi kweli. Ni bora kwa wengi wao wenye mishipa mingi iliyoziba na wenye mwili unaoweza kuistahamili. Aliyeziba mshipa mmoja tu, stenti inaweza kumtosha. Mzee wa miaka 84 mwenye mapafu dhaifu na figo mbovu, hesabu yake ni nyengine kabisa. Na mtu aliyefika usiku na shambulio la moyo linaloendelea, mshipa mkubwa umeziba sasa hivi, anahitaji kuzibuliwa ndani ya dakika, na hapo si pahala pa mjadala. Yaliyobaki yatazungumzwa wiki zinazofuata.

Kuna na kundi jengine linalosahauliwa: wale ambao moyo wao hauna dharura. Utafiti wa BARI 2D wa mwaka 2009 uliwachukua wenye kisukari zaidi ya 2,300 ambao hali yao ilikuwa imetulia. Baada ya miaka mitano, waliozibuliwa au kupasuliwa mapema na waliopewa dawa kamili tu walibaki hai kwa kiwango kimoja, karibu 88 katika mia kila upande. Dawa nazo ni tiba. Familia nyingi zinaona kwamba mgonjwa aliyerudishwa nyumbani na vidonge ametupwa, na wanaanza kutafuta hospitali ya "kumsaidia kweli". Mara nyengine hospitali hiyo inapatikana, na fedha zinakwisha kwa stenti ambayo haikumzidishia mtu hata siku moja.

Ndio maana katika hospitali kubwa uamuzi huu haufanywi na daktari mmoja. Anayetia stenti na anayepasua wanakaa pamoja, wanaitazama picha, wanatazama umri, figo, nguvu ya moyo na muda wa kisukari. Ukiwa Royal Hospital ya Maskati, au umempeleka ndugu yako Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, una haki ya kuuliza kwa adabu: je, daktari wa upasuaji naye ameiona picha hii? Likiulizwa na mtoto mkubwa mbele ya mzee, bila ya ukali, hakuna daktari mwema atakayechukia.

Baada ya hospitali

Si stenti wala baipasi inayoondoa maradhi. Ule mchakato uliojaza tope unaendelea siku mgonjwa anaporudi nyumbani, na kazi ya kuuzuia ni ya dawa na ya jiko.

Aliyetiwa stenti hupewa dawa mbili za kuifanya damu isigande, asprini na nyengine kama klopidogreli, aghalabu kwa miezi sita mpaka mwaka. Kuziacha mapema bila ya ruhusa ni katika mambo ya hatari kubwa mtu anayoweza kuyafanya, maana stenti inaweza kuziba ghafla. Inatokea mtu anasafiri Unguja kwa harusi ya wiki tatu, dawa zinamwishia wiki ya pili, anaona aibu kusumbua watu. Chukua za kutosha, na ziweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi la kupakia. Na daktari wa meno akitaka kukung'oa jino, mwambie una stenti kabla hajashika koleo.

Kolesteroli mbaya, LDL, kwa mgonjwa wa namna hii hutakiwa kushuka chini ya 1.4, na kwa wengi haifiki huko bila ya statini kila siku. Hapa pana maneno mengi ya mitandaoni kwamba statini zinaharibu ini au zinaleta kisukari. Ni kweli zinaweza kuipandisha sukari kidogo, lakini kwa aliyekwisha kuwa na kisukari na mishipa iliyoziba, faida yake inaipita mbali hasara hiyo. Presha nayo hutakiwa chini ya 130 kwa 80 pale inapowezekana.

Kuhusu sukari yenyewe kuna jambo linalowashangaza wengi. Utafiti wa Marekani na Kanada ulioitwa ACCORD, mwaka 2008, uliwachukua watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari na hatari kubwa ya moyo, nusu wakashushwa sukari kwa nguvu, kipimo cha miezi mitatu kifike chini ya 6. Sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliokuwa wakifa walikuwa wengi zaidi upande huo. Kwa hiyo kwa mzee mwenye maradhi ya moyo, 7 inatosha, na kwa mtu mzima sana au anayeshuka sukari mara kwa mara, 8 inaweza kuwa salama kuliko 6. Sukari ya kushuka ghafla inaushtua moyo. Mtoto anayemlazimisha baba yake ale kidogo na achome insulini nyingi ili namba ipendeze, anamdhuru.

Kuna na dawa za sukari ambazo faida yake imefika moyoni wenyewe. Mwaka 2015 empagliflozini ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 7,000 wenye kisukari na maradhi ya mishipa, na vifo vya moyo vikapungua kwa zaidi ya thuluthi. Mwaka uliofuata liraglutaidi, ambayo ni sindano, nayo ilionesha faida. Hizi si za kila mtu, na zina masharti yake, lakini ikiwa mzee wako ana kisukari na mishipa iliyoziba na hajawahi kuambiwa habari yake, inafaa kuuliza. Inafaa pia kusema kwamba si vitu vya kufungasha kwenye sanduku pamoja na maziwa ya unga na sabuni ukawapelekea jamaa Zanzibar kwa kuwa "na wao wana sukari". Anayetumia dawa hizi anahitaji kupimwa figo kwanza. Na empagliflozini ikichanganyika na kutapika au kukosa maji, inaweza kumletea mtu sumu ya asidi damuni hata sukari yake ikiwa si ya juu.

Kwa Ramadhani, aliyepata shambulio la moyo karibuni, au aliyetoka kwenye stenti au operesheni, wataalamu wanamhesabu katika kundi la hatari kubwa. Azungumze na daktari wiki sita mpaka nane kabla ya mwezi, si usiku wa kuandama. Wapo wanaoruhusiwa kwa kubadilishiwa dawa na saa zake, na wapo wasiofaa kufunga kabisa. Anayefunga ajipime mchana, na wanavyuoni wengi wameeleza kwamba kutoboa kidole hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda zaidi ya 16.6, afungue hapo hapo. Na magharibi ikiingia, tende moja au mbili na maji zinatosha kuanzia. Kaimati, vitumbua na mkate wa mchele si lazima vyote vikutane katika sahani moja.

Halwa sitaigusa sana, maana najua nyumba nyingi haiondoki kwenye sinia ya kahawa. Kijiko kimoja mgeni akija kina tofauti na nusu bakuli kila alasiri. Kinachodhuru zaidi kwa wengi wetu ni wali mara mbili kwa siku na kukaa. Aliyepona akitembea nusu saa kila jioni, tuseme pale ufukweni Seeb jua likipunguza ukali, anafanya jambo ambalo stenti haiwezi kumfanyia.

Mwisho ni makaratasi. Kila anayefanyiwa kastara aombe nakala ya picha zake kwenye diski au flashi, pamoja na ripoti iliyoandikwa, majina ya dawa, na matokeo ya figo na ya HbA1c. Anayetumia metformini aulize kama aisimamishe kabla au baada ya kastara, kwa sababu ya dawa ya rangi inayopigwa mishipani na kazi yake kwenye figo. Diski hiyo ikae mahali panapojulikana nyumbani. Mkitaka rai ya pili, iwe London, Bangkok au Dar es Salaam, daktari wa huko ataitaka picha yenyewe kabla ya kusema neno, na bila hiyo mzee atarudishwa mezani kufanyiwa kastara upya.